Jani la Gusii Mbele ya Waamuzi Wake

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, viwanda vya chai vilivyo chini ya Wakala wa Maendeleo ya Chai Kenya (KTDA) hutangaza bonasi, na swali lilelile huzuka upya Gusii, kwenye kaunti za Kisii na Nyamira: Keroka, Nyamache, Kebirigo na Ogembo. Kwa nini kilo ya majani mabichi ya Gusii ilipwe kidogo kuliko kilo ya Kirinyaga, Murang'a au Meru? Pengo hilo si la senti chache. Kuna miaka ambayo wakulima wa mashariki mwa Bonde la Ufa wamepokea bonasi zaidi ya mara mbili ya ile ya wenzao wa magharibi. Jibu linalotolewa mara nyingi ni moja tu: ubora. Eti chai ya magharibi ni hafifu, ndiyo maana mnunuzi hatoi bei. Mkulima wa Nyamira naye hujibu kwamba anachuna majani mawili na chipukizi kama alivyofundishwa, na kwamba kama kuna ubora unaopotea, basi hupotelea mbele ya safari.

Mabishano haya hayaishi kwa sababu watu hugombania hukumu bila kuuliza kesi ilisikilizwa wapi. Ubora wa chai hupimwa mara kadhaa. Hupimwa na karani kwenye kituo cha kukusanyia majani, hupimwa kiwandani, halafu hupimwa kwa ajili ya mnada wa Mombasa na waonjaji ambao huenda hawajawahi kukanyaga Nyamira. Kila mmoja wao hutazama kitu tofauti kwa kipimo tofauti. Mimi naona udhaifu mkubwa wa mfumo huu uko njiani, kati ya vidole vya mkulima na ulimi wa mwonjaji. Jani la kila mtu huchanganywa na la jirani kabla ya kupimwa sawasawa, na yale yanayosemwa Mombasa hayarudi yalikotoka.

Tuanzie kituoni. Ni kibanda cha mabati chenye meza ndefu na mizani ya kielektroniki inayoning'inia. Mkulima hufika na kikapu au gunia lake, akamwaga majani mezani na kuyatandaza. Karani, mara nyingi akiwa na mjumbe wa kamati ya kituo, hupitisha mkono katikati ya rundo, maana juu kila mtu huweka mazuri. Huokota tawi moja na kulihesabu: chipukizi, jani la kwanza, jani la pili. Akikuta la tatu hulikunja. Jani changa hujipinda bila kuvunjika, lililokomaa hukatika. "Mama, haya yamekomaa, yachambue kwanza," husema, na mama huyo husimama akichambua huku foleni ikimpita. Karani hutafuta pia vijiti, majani yaliyolowa maji, na yale yaliyoshindiliwa mpaka yakashika joto na kuanza kuwa mekundu kabla ya wakati wake. Yaliyosalimika hutiwa kwenye mizani, uzito wa chombo hutolewa, na mashine hutoa risiti yenye namba ya mkulima na kilo zake.

Risiti hiyo haisemi lolote juu ya ubora. Hukumu ya kituoni ina majibu mawili tu, kupokelewa au kukataliwa. Aliyechuna kwa uangalifu kila tawi na aliyeponea chupuchupu hulipwa bei moja kwa kilo, mwezi kwa mwezi, na bonasi pia huwa moja kwa sababu hukokotolewa kwa kiwanda kizima. Baada ya hapo majani ya wote wawili hupanda lori moja. Kuanzia dakika hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kujua lipi lilikuwa la nani.

Kabla ya kulifuata lori, inafaa tueleze kwa nini jani la tatu lichukiwe hivyo. Majani machanga na chipukizi yamejaa katekini, kemikali ambazo jani likisagwa hukutana na hewa na kugeuka kuwa theaflavini na thearubijini. Theaflavini ndizo zinazoipa chai ung'avu na ule ukali mzuri unaochangamsha ulimi. Thearubijini huleta rangi nzito na uzito mdomoni. Kadiri jani linavyokomaa, katekini hupungua na nyuzi huongezeka, kwa hiyo hata kiwanda kiwe na mitambo mipya kiasi gani, hakiwezi kulirudishia jani kile ambacho halikuja nacho. Taasisi ya Utafiti wa Chai yenye makao Timbilil, Kericho, imelirudia jambo hili kwa miongo mingi, na Profesa Philip Okinda Owuor wa Chuo Kikuu cha Maseno ameandika pamoja na wenzake tafiti nyingi juu ya vitu vinavyoamua ubora wa chai ya Kenya. Mzunguko mrefu wa kuchuna hushusha ubora. Mbolea ya naitrojeni ikizidishwa huongeza kilo lakini hupunguza ubora. Na aina ileile ya mche, ikipandwa sehemu mbili zenye hali tofauti, hutoa chai mbili tofauti.

Hilo la mwisho lina uzito katika ugomvi wa mashariki na magharibi. Mche kama TRFK 6/8 unasifika kwa ubora, ilhali mingine ilienezwa kwa wingi wa mavuno yake. Mwinuko, baridi ya usiku, udongo na mvua navyo hufanya kazi yao, na chai inayokua polepole kwenye baridi huwa na harufu nzuri zaidi. Kwa hiyo sehemu ya pengo la bei imo ardhini na haiwezi kufutwa kwa semina za uchunaji. Anayemwambia mkulima wa Gusii kwamba kosa lote ni la mikono yake anamdhulumu. Ila kuna sehemu nyingine ya pengo ambayo imo mikononi kweli, na kuikataa nayo ni kujidanganya.

Mikono yenyewe ina shida zake. Kwenye sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, katika vilima ambako shamba la familia limegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka likabaki mistari michache ya chai pembeni mwa migomba na mahindi. Mchai hautaki kusubiri. Joto na mvua vikikutana, vichomozo vinapaswa kurudiwa baada ya siku saba mpaka kumi hivi. Msimu huo majani hufurika kila shamba kwa wakati mmoja, wachunaji wa kibarua huhitajika kila mahali, na malipo yao huwa kwa kilo. Kibarua anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kuacha jani la tatu, na mwenye shamba asiye na fedha mkononi hana nguvu ya kumwambia aliache. Bado kuna mvua ya mawe, ambayo katika nyanda hizi za magharibi, kuanzia Nandi na Kericho hadi kwetu, hupasua majani alasiri moja na kuharibu kazi ya wiki nzima.

Tena kuna mnunuzi wa pembeni. Huyu hulipa taslimu siku hiyohiyo na hachambui sana. Uwepo wake hubadilisha tabia ya kituo kizima, maana karani anajua kwamba majani atakayoyakataa yatavuka barabara na kununuliwa, na kwamba kiwanda kitamuuliza kilo zimeenda wapi. Basi hulegeza. Siwezi kumlaumu mkulima anayeuza taslimu wakati karo inadaiwa na bonasi iko miezi mingi mbele. Lakini mwamuzi anayeogopa kumpoteza mkulima hawezi kuwa mkali, na kituo kisichoweza kukataa majani kimeacha kuwa kituo cha kupima ubora.

Lori sasa lifike kiwandani, iwe ni Nyankoba, Sanganyi, Tombe, Gianchore au Nyansiongo upande wa Nyamira, au Kiamokama, Itumbe, Nyamache, Ogembo au Eberege upande wa Kisii. Pale huchukuliwa sampuli. Majani yaliyookotwa bila kuchagua hupangwa katika mafungu, mazuri huku na magumu kule, kisha hupimwa ili kujua asilimia. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha ubora chenye namba, nacho kimekuja wakati majani ya vituo yameshakutana. Baada ya hapo jani hutandazwa kwenye mabirika marefu ya kunyaushia huku hewa ikipulizwa chini yake kwa saa nyingi, kwa kawaida usiku kucha, mpaka lipungue maji na kulainika. Huingia kwenye mashine za kukata, kuchana na kukunja, huachwa lichachuke kwa muda unaopimwa kwa makini, hukaushwa mpaka libaki na unyevu wa asilimia tatu hivi, na mwisho huchekechwa kupata madaraja yanayojulikana kwa herufi: BP1, PF1, PD, D1, na yale ya chini yake.

Kila hatua ni nafasi ya kupoteza alama. Nadhani msimu wa mavuno makubwa ndio unaoumiza zaidi eneo letu. Kiwanda kikipokea majani kuliko uwezo wa mabirika yake, malori husubiri uani, magunia hupata joto kwa ndani, unyaushaji hufupishwa ili kupisha mzigo wa kesho, na uchachushaji huharakishwa au kupitiliza. Barabara ya kituoni ikikatika kwa matope, majani yaliyochunwa asubuhi huingia kiwandani usiku wa manane yakiwa yameshaanza kuchachuka guniani. Mwonjaji wa Mombasa atakunywa hiyo chai na kusema imefifia. Hatajua kwamba mchunaji alifanya kazi yake sawasawa na kwamba barabara ndiyo iliyoshindwa.

Mombasa ndiko hukumu kubwa hutolewa. Chama cha Wafanyabiashara ya Chai cha Afrika Mashariki kiliundwa 1956, na mnada wake uliokuwa Nairobi ukahamia Mombasa 1969. Leo huuzwa hapo chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo, Malawi na majirani wengine, na tangu 2020 zabuni hutolewa kwa njia ya kielektroniki. Bei ni ya dola. Kabla ya siku ya mnada, sampuli za kila fungu hugawiwa wanunuzi, na vyumba vya kuonjea huanza kazi.

Chumba cha kuonjea hujengwa kwa ajili ya macho kama kilivyo kwa ajili ya ulimi. Mwanga huwa wa dirishani, usiobadilika-badilika. Mezani vimepangwa vikombe vyeupe vyenye vifuniko, na mbele ya kila kikombe kuna bakuli na kisahani cha majani makavu. Kipimo cha kimataifa, ISO 3103, kinataka gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6, ingawa kila nyumba ya biashara ina mazoea yake. Chai humiminwa bakulini na makapi yake hugeuzwa juu ya kifuniko. Mwonjaji anapopita, kwanza hutazama majani makavu: ni meusi au ya kahawia, yako sawa au yamechanganyika na nyuzi? Kisha makapi. Yaking'aa rangi ya shaba mpya ni dalili njema, yakiwa ya kijani uchachushaji haukutosha, na yakiwa meusi umepitiliza. Ndipo huchota kijiko, akakivuta mdomoni kwa kelele ili chai ichanganyike na hewa na kupanda hadi puani, akaizungusha, akaitema na kumtamkia msaidizi maneno machache. Ina nguvu. Inang'aa. Imechangamka. Au: imepoa, imeungua, ina moshi, chapwa. Wengine hutia maziwa, kwa kuwa chai hii itanywewa na maziwa Pakistan na Uingereza. Chai nzuri ikipata maziwa hugeuka rangi ya dhahabu nyekundu, hafifu huwa kijivujivu. Mamia ya vikombe hupita kinywani mwa mtu mmoja kwa siku.

Ujuzi huu ni wa kweli, na wakulima wanaoudhania kuwa maigizo wanakosea. Mwonjaji aliyekomaa anaweza kusema, kwa kijiko kimoja, kwamba chai ilikaushwa kwa moto mkali au kwamba jani lililala guniani. Tatizo langu liko katika nafasi aliyokalia. Angalia wenzake wanaohukumu vitu vingine. Katika maonyesho ya okidi, Shirika la Okidi la Marekani hutoa alama juu ya 100, na katika jedwali lake la jumla umbo lina 30, rangi 30, na 40 zinazobaki hugawiwa ukubwa, unene wa petali, wingi wa maua na namna yanavyokaa kwenye shina. Ua linalopata 75 hadi 79 huwa na tuzo yake, 80 hadi 89 tuzo ya juu zaidi, na 90 kwenda juu ndiyo heshima kuu. Waingereza wa Shirika la Kifalme la Bustani hawajumlishi alama, hupiga kura. Lakini pande zote mbili zina mambo yanayofanana. Kinachohukumiwa ni maua ya mmea mmoja wenye jina, tuzo huandikwa kando ya jina hilo, na mwamuzi hana biashara na maua yaliyo mbele yake.

Chai haina hata moja kati ya haya. Kinachohukumiwa ni jani la maelfu ya mashamba likiwa limesagwa pamoja. Mwamuzi wa upande mmoja ni dalali anayekadiria bei, na wa upande mwingine ni mwakilishi wa mnunuzi, yaani yule yule atakayelipa. Tena mnunuzi hatafuti chai bora kwa maana ya mpenda maua. Anatafuta kipande cha kukamilisha mchanganyiko wake wa paketi, rangi kutoka hapa, nguvu kutoka pale, ujazo wa bei nafuu kutoka kwingine. Kiwanda kikishajulikana kama cha ujazo, jina hilo hukiganda. Kinaweza kuboresha kazi msimu mzima kabla soko halijaamini, kwa sababu mnunuzi huogopa kulipia uzuri ambao huenda wiki ijayo hautakuwepo. Chai ya Rwanda, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zinazoongoza kwa bei Mombasa, inathaminiwa kwa ladha na vilevile kwa kutobadilika-badilika.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni kahawa. Gusii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya ambako, miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kulima kahawa, na mibuni ingali mingi kwenye mashamba hayahaya. Kahawa huonjwa kwa alama juu ya 100, na inayofika 80 huhesabiwa kuwa ya kipekee sokoni. Alama huandikwa kwenye karatasi ikiwa imechambuliwa: harufu, ladha, ukali, uzito, usafi wa kikombe. Chama cha ushirika kinaweza kutenga fungu dogo la wiki moja na kulipeleka peke yake, nacho kikaletewa karatasi inayosema wapi kimepanda na wapi kimeshuka. Sisemi kahawa imewatajirisha wakulima wetu, maana historia ya vyama vyake ina machungu ya kutosha. Ninachosema ni kwamba karatasi ile humpa mtu mahali pa kuanzia.

Yote hayo ni ya ladha. Bei inayomfikia mkulima hubeba pia mambo ambayo hakuna ulimi unaoweza kuyaonja. Mwanzoni mwa 2024 dola ilivuka shilingi 160, baadaye ikashuka mpaka karibu 129, kwa hiyo chai ileile, kwa bei ileile ya dola, ikaleta shilingi pungufu kwa karibu moja ya tano. Machi 2025 Sudan, mnunuzi mkubwa, ilisimamisha bidhaa za Kenya kwa sababu za kisiasa. Na kabla ya hapo kulikuwa na bei ya chini kabisa ya kuuzia iliyowekwa na serikali Julai 2021, dola 2.43 kwa kilo ya chai ya KTDA, iliyokuja kuondolewa 2024. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Kwa magharibi iligeuka mzigo, maana mnunuzi akilazimishwa kulipa bei moja huchukua ile chai aliyoizoea kuwa ni bora, na nyingine hubaki ghalani Mombasa ikizeeka. Chai ikizeeka hupoteza ule uchangamfu wake, kwa hiyo iliposhuka bei baadaye ilikuwa imeshuka ubora kweli. Kwangu mimi huo ndio ushahidi ulio wazi zaidi kwamba bei haiwezi kuamrishwa pale ambapo kipimo cha ubora kimefichwa.

Wanaoona kwamba ubora ni maneno ya kuwaridhisha wakulima wafanye hesabu hii. Huhitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Bei ya mnada ikipanda kwa senti 10 za dola, kwa dola ya shilingi 129, ni shilingi 12.90 kwa kilo ya chai, yaani karibu shilingi 3 kwa kila kilo ya majani. Mwenye mistari michache anayepeleka kilo 2,000 kwa mwaka angepata karibu shilingi 6,000 zaidi kabla ya makato. Senti 10 ni tofauti ambayo mwonjaji huitoa kwa neno moja, kati ya "inang'aa" na "imefifia".

Lakini hatapata shilingi hizo kwa kuchuna vizuri peke yake. Akichuna majani mawili na chipukizi huku jirani akichuna manne, gharama ya muda ni yake na faida ni ya wote, hivyo msimu unaofuata naye hulegeza. Ndiyo sababu semina za uchunaji hazijaziba pengo hili. Kinachoweza kubadilisha mambo ni kupima kabla ya kuchanganya, na kwa hilo kituo kinatosha. Kupima ubora wa kila mkulima kila siku ni gharama isiyobebeka, ila asilimia ya majani mazuri ya kituo kizima inaweza kuchukuliwa lori linaposhusha, kabla mzigo haujamwagwa pamoja na mingine. Sehemu ya bonasi ikifungwa na asilimia hiyo, majirani wa kituo kimoja wataanza kuangaliana wenyewe kwa wenyewe, na wanajuana vya kutosha. Karani naye ataweza kukataa majani mabaya akiwa na kituo kizima nyuma yake.

La pili ni kurudisha maneno ya Mombasa. Madalali huandika tathmini za chai wanayoiuza na kuzipeleka viwandani. Meneja huzisoma, fundi wa kuchachusha huenda akazisoma, na zinaishia hapo. Zingetafsiriwa kwa Kiswahili na Ekegusii na kubandikwa kwenye kila kituo pamoja na bei iliyopatikana wiki hiyo, mkulima angejua kama lawama ya chai iliyoungua ni ya mtambo, kama iliyofifia ni ya lori lililokwama, na kama ya nyuzi nyingi ni ya meza anayosimama mbele yake. Kila kiwanda cha KTDA ni kampuni ambayo wakulima ndio wenye hisa, na wakurugenzi wake huchaguliwa na wakulima haohao. Ripoti ziko ofisini tayari. Kuzitoa nje kunahitaji azimio la kikao kimoja cha bodi, na mwenye hisa yeyote wa Kebirigo au Nyamache anaweza kuliomba kwenye mkutano mkuu ujao.